Barua ya wazi kwa kamati ya ligi yetu: kadi ya Josh Gibson iachwe kama ilivyo

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Kamishna, na wanakamati wote,

Salamu nyingi kutoka Kansas City. Jumapili iliyopita programu inayochezesha ligi yetu ya besiboli ya kubuni, ambamo kila kadi ni msimu mmoja wa mchezaji halisi, ilimaliza mchezo wa 81 kwa kila timu, na kwa kuwa msimu wetu ni wa michezo 162 kama ligi kuu ya Marekani, mzunguko wa kwanza umekwisha. Nilikaa na msimamo wa ligi kama ninavyofanya kila wiki: kikombe cha chai pembeni, kalamu mkononi, naanzia kwenye timu yangu halafu napandisha macho. Kabla sijafika juu ikaingia taarifa yenu. Nimeisoma mara tatu, nikalala nayo, nikaamka nayo. Ndiyo inayonifanya niwaandikie, tena waziwazi, maana jambo hili linamgusa kila aliyewahi kupanga kikosi katika ligi hii.

Taarifa inasema kwamba kuanzia mchezo wa 82, kadi zote za wachezaji wa Negro Leagues, yaani ligi za watu weusi za Marekani za kati ya 1920 na 1948, zitapunguzwa makali. Ya kwanza kutajwa ni ya Josh Gibson, mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira) wa timu ya Homestead Grays, msimu wa 1943. Sababu mliyoitoa ni kwamba misimu yao ilikuwa mifupi na takwimu zao hazijakamilika. Naomba msifanye hivyo.

Niseme mapema nimesimama wapi, asije mtu akadhani natetea tonge langu. Vinara wa ligi ni Mombasa, na Gibson ni wao. Mimi ni wa pili, nyuma yao kwa michezo minne. Katika kikosi changu hakuna hata mchezaji mmoja wa Negro Leagues. Kadi zile zikipunguzwa, wa kwanza kunufaika ni mimi. Mombasa watashuka, nami huenda nikamaliza msimu nikiwa bingwa. Sote tumekulia kwenye mpira wa miguu na tunajua ubingwa wa namna hiyo unaitwaje. Ni ushindi wa mezani, na siutaki.

Tena nina deni langu kwa Gibson. Siku tulipogawana wachezaji nilikuwa na zamu ya tatu, naye alikuwa bado hajachukuliwa. Nikamruka, nikamchukua Ichiro Suzuki wa 2004, mwaka aliopata mapigo 262, yaani mara alizoupiga mpira akafika kituo salama, rekodi ya msimu mmoja inayosimama hadi leo. Ichiro simjutii hata kidogo. Ananipa raha kila Jumapili. Lakini ukweli ni kwamba Gibson nilimruka kwa kutomjua. Mimi mzaliwa wa Tanga, besiboli nimeikuta huku ukubwani, na nilipoona wastani wa .466, yaani pigo karibu mara 47 katika kila zamu 100 za kupiga, nilidhani mchapaji amekosea. Ndugu yetu wa Mombasa alikuwa na zamu ya nne. Yeye alikuwa amesoma, akajua kwamba namba ile ni ya kweli, akamchukua. Kosa lilikuwa langu na nalilipa kila tunapokutana. Nataka niendelee kulilipa uwanjani.

Wiki mbili baadaye ndipo nilipokwenda kwenye makumbusho ya Negro Leagues yaliyo hapahapa mjini kwetu, pale mtaa wa 18 na Vine. Nilikuwa nimepita nje yake kwa basi kwa miaka bila kushuka. Ukiingia tu, kitu cha kwanza unachokiona ni uwanja mdogo wa besiboli wenye sanamu za shaba, kimo cha binadamu, kila mmoja mahali pake. Satchel Paige yuko kwenye kilima cha mrushaji. Martín Dihigo wa Cuba ameshika gongo. Nyuma yake, amechuchumaa na glovu mbele, yuko Josh Gibson. Lakini huwezi kuwafikia. Kati yako na wao kuna wavu wa waya kama wa banda la kuku, nawe unalazimika kuizunguka historia nzima, chumba kwa chumba, ndipo mwishoni unaruhusiwa kuingia uwanjani na kusimama kati yao. Siku ile mbele yangu kulikuwa na mtoto aliyepitisha vidole kwenye tundu za wavu akimwuliza mama yake mlango uko wapi. Mama akamwambia, twende, tutaufikia. Nilipoufikia mimi, nilisimama mbele ya ile sanamu ya mdakaji muda mrefu kuliko nilivyokusudia, nikainama nione glovu yake kwa karibu.

Wanakamati, huyu ndiye mtu tunayetaka kumpunguza. Alizaliwa Georgia mwaka 1911, akakulia Pittsburgh, akaanza na Grays mwaka 1930 akiwa hajatimiza miaka 19. Ligi kuu ya wazungu haikumpokea hata siku moja, kwa rangi yake tu. Mwaka huo wa 1943 ambao kadi yake inatoka, aliuanza akiwa amelazwa hospitali, akatoka na maumivu ya kichwa yasiyokwisha, kisha akapiga .466. Alifariki tarehe 20 Januari 1947, akiwa na miaka 35. Hazikupita siku mia moja, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson, naye mtu mweusi, akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers ya ligi kuu na mlango ukafunguka. Gibson alizikwa Pittsburgh katika kaburi lisilo na jiwe lenye jina lake, likakaa hivyo hadi 1975, miaka mitatu baada ya kuwa ameingizwa kwenye Ukumbi wa Magwiji kule Cooperstown.

Nije kwenye hoja yenu ya misimu mifupi. Ni kweli, ilikuwa mifupi. Lakini ilikuwa mifupi kwa nini? Timu nyingi za watu weusi hazikuwa na viwanja vyao. Zilikodi viwanja vya timu za wazungu, zikacheza siku ambazo wenyewe wako safarini. Grays wenyewe walikuwa wakicheza michezo yao mingi Washington, kwenye uwanja wa Griffith, wakilipa kodi kwa wenye timu ambayo isingewasajili. Na kwa kuwa michezo ya ligi pekee haikulipa mishahara, timu zilipanda mabasi na kuzunguka mji hadi mji zikicheza michezo ya kirafiki kwa ajili ya viingilio, wakati mwingine michezo miwili au mitatu kwa siku. Wachezaji hawa walicheza besiboli nyingi kuliko mtu yeyote katika ligi yetu. Ila michezo ile haihesabiwi. Tunachokiita msimu mfupi ni sehemu ndogo ya kazi yao iliyoruhusiwa kuingia kwenye kitabu, nasi leo tunataka kuitumia sehemu hiyo kama hoja ya kuwapunguza tena.

Na kama ufupi wa msimu ndio kosa, mbona taarifa yenu imewataja wao peke yao? Tony Gwynn wa 1994 yuko katika ligi yetu, kwa ndugu yetu wa Houston, na wastani wake wa .394 umeandikwa kwenye kadi bila kuguswa. Msimu ule ulikatishwa na mgomo tarehe 12 Agosti, hata fainali hazikuchezwa. Gwynn alicheza michezo 110. DJ LeMahieu wa 2020 yuko Toronto na .364 yake, naye alitwaa taji la wapigaji katika msimu ambao korona iliufupisha ukawa wa michezo 60 tu. Sijasikia mtu akiomba hao wapunguzwe, nami siombi. Nasema tu kwamba kipimo mlichokichukua kinamfika Gibson na kumruka LeMahieu, ilhali michezo 60 ni michezo 60.

Hoja ya pili, kwamba takwimu hazijakamilika, ilikuwa na uzito zamani. Desemba 2020 MLB, yaani ligi kuu ya Marekani yenyewe, ilitangaza kwamba ligi saba za watu weusi zilikuwa ligi kuu sawa na nyingine. Kisha Mei 2024, baada ya kamati ya wataalamu chini ya mwanahistoria John Thorn kuzipitia, takwimu za wachezaji zaidi ya 2,300 ziliingizwa kwenye kitabu rasmi. Zilikuwa zimekusanywa na watafiti waliotumia miaka mingi wakifukua matokeo kwenye magazeti ya watu weusi kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, mchezo mmojammoja. Siku hiyo Gibson akawa wa kwanza katika historia yote kwa wastani wa kupiga wa maisha, .372, mbele ya Ty Cobb mwenye .367. Na .466 ya 1943 ikawa wastani mkubwa kuliko wote wa msimu mmoja. Ndiyo, kuna michezo ambayo haijapatikana. Lakini mchezo uliopotea umepotea na mapigo yake pia, si makosa yake tu. Hatuna haki ya kudhani kwamba kilichopotea kingemshusha.

Kanuni yetu ya kwanza tuliyoipitisha wote inasema: mchezaji yeyote, msimu wowote unaotambuliwa na MLB kuwa wa ligi kuu. Hakuna neno jingine pale. Mombasa walisoma kanuni, wakachagua kwa mujibu wa kanuni.

Sasa tuangalie msimamo wenyewe, kwa sababu nahisi umesomwa kwa haraka. Mombasa wanaongoza, na Gibson anaongoza orodha ya homurani, yaani mapigo ya kuvusha mpira nje ya uwanja, basi watu wakaunganisha mambo mawili wakapata moja. Nimekaa na ile hesabu maarufu ya Bill James, mchambuzi wa takwimu za besiboli: mbio (yaani pointi) ulizopata zizidishe kwa zenyewe, halafu ugawe kwa jumla ya hizo na mbio ulizoruhusu zikizidishwa kwa zenyewe, unapata sehemu ya michezo ambayo timu ilistahili kushinda. Kwa hesabu hiyo Mombasa wako pale wanapostahili, na sababu kubwa iko upande wa pili wa mstari. Hakuna timu iliyoruhusu mbio chache kuliko wao. Kwa mbio walizopata ni wa tatu, nyuma yangu na nyuma ya Houston. Kinachowabeba ni warushaji, Pedro Martínez wa 2000 akiwa mbele, yule aliyeruhusu wastani wa mbio 1.74 kwa kila awamu tisa, yaani mchezo mzima, na hakuna aliyeandika kwenu kumlalamikia.

Kwa wenzetu waliojiunga karibuni, nieleze pia kwa nini kadi ya .466 haitishi kama inavyoonekana. Programu yetu inafuata mtindo wa zamani wa kadi na dadu, ule ambao Hal Richman aliuingiza sokoni kwa jina la Strat-O-Matic mwaka 1961. Dadu ni tatu. Ya kwanza inaamua tusome kadi ya nani: ikitoka 1, 2 au 3 tunasoma ya mpigaji, ikitoka 4, 5 au 6 tunasoma ya mrushaji. Mbili zilizobaki zinajumlishwa, na jumla yake ndiyo inayotupa tukio. Kwa hiyo nusu ya riziki ya Gibson haiko kwenye kadi yake. Iko mkononi mwa Walter Johnson wa 1913, na Bob Gibson wa 1968, na wengine wa daraja hilo wanaomngoja kila Jumapili. Ndiyo maana mtu wa .466 kitabuni hajafika hata .400 katika ligi yetu. Mchezo umekwisha kumpunguza wenyewe, kwa haki, kwa kumkutanisha na warushaji bora wa zama zote.

Nimemtaja Bob Gibson wa 1968, aliyeko Nairobi, na hapa nawaomba msome polepole. Mwaka ule aliruhusu wastani wa mbio 1.12 tu kwa kila awamu tisa. Wapigaji walikuwa hoi ligi nzima. Bingwa wa wapigaji wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, Carl Yastrzemski, alimaliza na .301. Wenye mamlaka waliona warushaji wamezidi, wakaamua kukishusha kilima chao kutoka inchi 15 hadi 10. Lakini walisubiri. Msimu wa 1968 ulichezwa hadi mwisho kwenye kilima kilekile, na kipya kikaja 1969, kwa viwanja vyote na kwa warushaji wote. Hakuna aliyekwenda St. Louis, alikochezea Bob Gibson, mwezi Julai na sepetu kupunguza udongo chini ya miguu ya mtu mmoja. Hiyo ndiyo namna ya kubadili kanuni, na ndiyo ninayowaomba.

Katika pilikapilika hii ya Josh Gibson tumesahau kusherehekea nusu msimu ambayo sijaiona nzuri kama hii tangu nijiunge. Rickey Henderson wa 1982, yule aliyeiba besi 130, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, anawatia kiwewe wadakaji wote kwa niaba ya Kampala. Na dada yetu wa Muscat, aliyeipa timu yake jina la Newark Eagles kwa heshima ya Effa Manley, mmiliki mwenza wa timu ya Negro Leagues ya jina hilo na mwanamke pekee aliyeko kwenye Ukumbi wa Magwiji, ana mrushaji Leon Day wa 1946. Day alirudi kutoka vitani mwaka ule na mchezo wake wa kwanza wa msimu akaucheza bila kumruhusu mpinzani pigo hata moja. Katika ligi yetu Day ameshinda michezo ambayo timu ilipata mbio moja tu. Dada amekaa na timu dhaifu kwa misimu miwili, hakulalamika, akajifunza, msimu huu ameijenga kwa wachezaji hawahawa mnaotaka kuwapunguza. Yuko wa nne. Taarifa yenu ikitekelezwa atashuka hadi wa saba au wa nane bila kupoteza mchezo wowote kwa kosa lake, naye hakutajwa hata kwa jina.

Meneja wa Kampala aliwahi kunisimulia alivyoijua besiboli. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye fainali za dunia za watoto. Walishinda uwanjani, wakakosa viza, hawakwenda. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakafuzu, wakapata viza, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali zile, na wakashinda mchezo mmoja dhidi ya timu ya Oregon. Anasema habari ya Lugazi ilimfurahisha, lakini wale wa 2011 ndio asioweza kuwasahau, kwa kuwa hakuna aliyewafunga. Nilipoisoma taarifa yenu nilimkumbuka yeye kabla ya mtu mwingine.

Kama kamati inataka kuunyoosha msimamo, ipo kazi inayongoja. Timu mbili zinazoburuza mkia hazina meneja. Zinajipangia zenyewe, mrushaji aliyechoka anarudishwa kilimani kesho yake, majeruhi wanabaki kwenye kikosi. Baadhi yetu tumeshamaliza michezo yetu nao, wengine bado wana mingi ya kuvuna. Hilo linaupotosha msimamo kuliko kadi yoyote. Kuna vijana wawili, mmoja Bujumbura na mwingine Dar es Salaam, wanaoomba timu tangu mwanzo wa msimu. Wapeni hizo, wiki hii.

Na hizo kadi, ziacheni hadi mchezo wa 162. Msimu ukiisha tuitane wote, tujadili misimu mifupi kwa kipimo kimoja kwa Gibson, kwa Gwynn, kwa LeMahieu na kwa yeyote mwingine, tupige kura kabla ya siku ya kugawana wachezaji, ili kila mmoja achague akijua anachochagua. Kura yangu mtaijua siku hiyo. Hata nikishindwa nitaifuata kanuni mpya bila kinyongo.

Jumapili ijayo nina michezo mitatu dhidi ya Mombasa. Nimeshampanga mrushaji wa mchezo wa kwanza, ni Greg Maddux wa 1995, na kikosi nimekituma kwa Kamishna jana usiku. Naomba nimkute Gibson na kadi yake ileile.

Wenu katika ligi,
Meneja wa timu ya Kansas City